Mbio za baiskeli za mwanzo wa msimu: usimtafute bingwa wa Julai mwezi Februari

Swali: Nilianza kupenda mbio za baiskeli kwa kutazama Tour de France, na kila mwaka nimekuwa nikisubiri Julai ifike. Msimu ujao nataka nianze kufuatilia tangu Januari. Tatizo ni kwamba mbio ni nyingi, nyingine zinafanyika wiki moja, majina mengi siyajui, na kila nikisoma matokeo nakuta watu wanasema "hayo ni mazoezi tu". Je, mbio hizi za hatua za mwanzo wa msimu zina maana yoyote kwa shabiki? Nianzie wapi, na nitazame nini?

Jibu:

Ndugu msomaji, wanaosema "hayo ni mazoezi tu" wamesema nusu ya ukweli. Katika kundi moja, siku moja, barabara moja, yumo anayepima miguu yake baada ya miezi ya mapumziko na mazoezi, na yumo mwingine ambaye wiki hiyo ndiyo Tour de France yake. Wote wawili utawakuta kwenye jedwali lilelile la matokeo, na jedwali halikuambii nani ni nani. Kabla ya kuuliza nani kashinda, jiulize kwanza nani alikuja akitaka kushinda. Swali hilo ndilo linalozifanya Januari, Februari na Machi kuwa miezi yenye utamu wake.

Nianze na mtego unaowanasa wengi. Machi 2023 Tadej Pogačar alishinda Paris-Nice, mbio za siku 8 za Ufaransa, pamoja na hatua tatu, yaani mashindano ya siku moja moja, za mbio hizo. Jonas Vingegaard, aliyekuwa bingwa mtetezi wa Tour de France, alimaliza wa tatu, na milimani hakuwa na jibu. Mtu aliyeamua siku ile kwamba Julai imeshakwisha aliumbuka, maana Vingegaard alitwaa Tour ya mwaka huohuo kwa zaidi ya dakika 7, na wa pili wake alikuwa Pogačar. Katikati yalitokea mambo: Aprili, Pogačar alianguka kwenye Liège-Bastogne-Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, akavunjika mkono karibu na kiganja, akapoteza wiki muhimu za maandalizi. Vingegaard naye alikuwa amepanga mwaka wake wote ili kilele chake kifike Julai.

Mifano ya upande wa pili ipo pia. Bradley Wiggins mwaka 2012 alishinda Paris-Nice, kisha mbio za Romandie za Uswisi, kisha Dauphiné ya Ufaransa, kisha Tour. Mwaka uliofuata Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda mbio za Oman mwezi Februari, akaongeza Romandie na Dauphiné, na Julai akavaa jezi ya njano ya kiongozi hadi Paris. Pogačar mwenyewe alianza kwa kushinda UAE Tour, mbio za Falme za Kiarabu, mwaka 2021 na 2025, na miaka yote miwili akashinda Tour. Lakini 2022 alianza hivyohivyo, akaongeza na Tirreno-Adriatico ya Italia kama alivyofanya 2021, na Julai akawa wa pili. Kwa hiyo ushindi wa Februari unakuthibitishia tu kwamba mtu yule ni hodari, jambo ambalo ulikuwa unalijua. Kuhusu Julai haukuambii mengi, na ukiutazama kwa jicho la Julai tu utapitwa na uhondo wenyewe.

Basi utazame nini? Anza na orodha ya washiriki. Hutolewa siku chache kabla ya mbio, na tovuti ya ProCyclingStats huiweka pamoja na matokeo ya nyuma ya kila mtu. Katika mbio hizi timu huleta watu 7 badala ya 8 wa Tour, kwa hiyo kila nafasi ina sababu yake. Angalia kama timu imemletea kiongozi wake wasaidizi wa milimani au imemzungushia watu wa tambarare. Kiongozi aliyekuja na wapandaji wazuri watatu amekuja kazini. Aliyekuja na vijana wawili wa mwaka wa kwanza na mkongwe mmoja huenda ametoka moja kwa moja kambini mlimani, pengine Teide kule Tenerife ambako timu nyingi huenda kuzoesha damu hewa nyembamba, na miguu yake bado mizito.

Kisha ziangalie timu ndogo. Leseni 18 za daraja la juu, lile la World Tour, hugawanywa kwa kufuata pointi ambazo timu imekusanya kwa miaka mitatu, na UCI, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, hutoa pointi kwenye mbio za Februari pia. Timu inayopigania kubaki daraja la juu humtuma mtu wake bora kwenye mbio za siku tano ambazo hata hujawahi kuzisikia, na hapo hatanii. Ukiona mtu anapambana kufa na kupona kuwania nafasi ya 9 kwenye mlima wa Ureno, sasa unajua kwa nini.

Msimu wa daraja la juu hufunguliwa Australia mwezi Januari, kwa Tour Down Under, kuzunguka mji wa Adelaide. Kule ni kiangazi. Waaustralia huwa wamefanyia mazoezi nyumbani, tena wametoka kwenye mashindano yao ya taifa mwezi huohuo, ilhali Wazungu wengi ndiyo kwanza wanatoka kwenye baridi. Simon Gerrans wa Australia aliishinda mara nne. Nazipenda mbio hizi kwa sababu milima yake ni mifupi, hivyo hakuna anayeweza kuwaacha wenzake dakika mbili, na kila kitu huamuliwa kwa sekunde. Mwaka 2014 Gerrans alimshinda Cadel Evans kwa sekunde 1. Mwaka 2018 Richie Porte alishinda kilele cha Willunga, mlima wa takriban kilomita 3 ambao aliushinda miaka sita mfululizo kuanzia 2014, lakini ushindi wa jumla ukaenda kwa Daryl Impey wa Afrika Kusini. Saa zao zililingana kabisa! Ilibidi zihesabiwe nafasi walizomaliza katika kila hatua, na Impey, aliyekuwa akijichanganya na wakali wa spidi, wale wanaotimua mbio mita za mwisho, siku za tambarare, akawa mbele.

Hapo lazima uzielewe sekunde za bonasi, maana bila hizo mbio fupi zitakuchanganya. Kwa kawaida mshindi wa hatua hupunguziwa sekunde 10 kwenye muda wake wa jumla, wa pili 6, wa tatu 4. Njiani kuna vituo vya spidi vinavyotoa 3, 2 na 1. Kwenye mbio za wiki tatu mambo haya mara nyingi humezwa na milima. Kwenye mbio za siku 5 hadi 8, huenda ndiyo mbio zenyewe. Ukimwona kiongozi wa timu anatimua mbio kuwania kituo cha njiani kilomita 60 kabla ya mwisho, usidhani kachanganyikiwa.

Hebu tuitazame kwa karibu siku ya mwisho ya Paris-Nice 2017. Alberto Contador aliianza akiwa nyuma ya Sergio Henao wa Colombia. Mwaka uliotangulia alikuwa amelikosa taji hilohilo kwa sekunde 4, likaenda kwa Geraint Thomas. Safari hii alishambulia mapema, mwisho ukiwa bado mbali, kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji wa Nice, akijua kwamba akisubiri mlima wa mwisho muda hautamtosha. Alifika Nice akiwa na David de la Cruz, Mhispania mwenzake wa timu nyingine, wawili peke yao, huku Henao akisukuma nyuma yao. De la Cruz akamshinda kwenye mstari. Contador akapata sekunde 6 badala ya 10. Saa zilipojumlishwa, Henao alikuwa ameshinda Paris-Nice kwa sekunde 2. Zile sekunde 4 zilizotofautisha wa kwanza na wa pili wa siku ile zingetosha kubadili mshindi wa mbio nzima. Na ukirudi nyuma wiki moja, hatua ya kwanza kabisa, utakuta Contador aliachwa na upepo kwenye tambarare akapoteza muda mwingi kuliko Henao, siku ambayo mashabiki wengi huiruka kwa kudhani ni ya wakali wa spidi tu.

Upepo huo ndio somo ninalotamani kila shabiki mpya alipate mapema, kwa sababu Julai hauonekani mara nyingi namna hii. Mwendesha baiskeli hujikinga kwa kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzake. Upepo ukitoka mbele, kinga iko nyuma moja kwa moja, na kundi la watu zaidi ya 100 linaweza kusafiri kwa raha. Ukitoka ubavuni, kinga inahamia nyuma na pembeni, kwa hiyo watu hujipanga mshazari kukata upana wa barabara. Sasa barabara ina mwisho wake. Ikijaa kutoka ukingo hadi ukingo, anayefuata hana pa kujikinga. Anabaki kwenye ukingo wa lami katika mstari mmoja mrefu, kila mtu akipigwa upepo peke yake. Mmoja akichoka na kuacha mwanya wa mita mbili, wote walio nyuma yake wamekwisha. Mbele unabaki mshazari wa watu wachache wanaopokezana, nyuma wanajaribu kuunda wa kwao, na kutoka kwenye helikopta utaona kundi moja limekatika vipande vinne ndani ya dakika chache.

Dalili zake zinaonekana kabla, na kuziona mapema ni raha kubwa. Angalia bendera na miti. Angalia ramani ujue ni wapi barabara inapinda kutoka kwenye mji au msitu na kuingia kwenye mashamba ya wazi. Ukiona timu nzima imejikusanya na kupanda mbele kwa pamoja bila sababu inayoonekana, kilomita kadhaa kabla ya kona hiyo, acha unachofanya utazame. UAE Tour ya mwezi Februari hutoa siku za namna hii jangwani, na siku za kwanza za Paris-Nice, kwenye tambarare za kusini mwa Paris, ni maarufu kwa hilo.

Mbali na upepo, UAE Tour ni rahisi kuifuata: hatua za spidi, kwa kawaida hatua moja ya kukimbizana na saa, kila mtu peke yake, halafu milima miwili, kwa miaka mingi ikiwa Jebel Jais na Jebel Hafeet. Huo wa pili, karibu na Al Ain, una urefu wa takriban kilomita 11 na mara nyingi ndio unaotoa hukumu. Mimi huitazama zaidi kwa ajili ya wakali wa spidi. Mikataba hubadilika Januari, kwa hiyo wale watu wa kumvuta mkali hadi mita 200 za mwisho mara nyingi ni wapya, bado hawajazoeana. Utaona wanapotezana kwenye kona ya mwisho, na kufikia Machi utaona wameshikamana. Kulitazama hilo likijengeka wiki baada ya wiki ni jambo ambalo mtu wa Julai halipati kabisa.

Hispania na Ureno nazo hujaa mbio za siku 4 au 5 mwezi huo: Valencia, Andalucía, Algarve. Kati ya hizo chagua Algarve, yenye vilele vya Fóia na Malhão. Mbio za mapema nazo huwa na mambo yake. Mwaka 2025 hatua ya kwanza ya Algarve ilifutwa baada ya sehemu kubwa ya kundi kushika upande usio sahihi wa barabara kwenye kipilefti karibu kabisa na mwisho, huku Filippo Ganna akikata mstari kwenye njia iliyo sahihi.

Mwishoni mwa Februari kuna Tour du Rwanda, nayo naomba uipe wiki nzima. Iko daraja moja na mbio nyingi za Ulaya za mwezi huo tangu 2019, na haina tambarare ya maana. Kigali peke yake iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ule mpando wa mawe ya kupangwa wanaouita Ukuta wa Kigali ulitumika pia kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025. Kuna kisa kirefu ndani yake. Kuanzia 2014 hadi 2018 washindi wote watano walikuwa Wanyarwanda: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha. Daraja lilipopanda na timu kubwa zikaja, Waeritrea ndio walioshika usukani: Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfatsion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Timu za Ulaya nazo hupeleka vijana wao kule kuwapima. Joseph Blackmore wa Uingereza alishinda Februari 2024 akiwa hajulikani sana. Agosti ya mwaka huo akashinda Tour de l'Avenir, mbio kubwa kuliko zote kwa vijana. Aliyemtazama Rwanda alimjua miezi sita kabla ya wengine.

Kwa kweli kama kuna ubashiri ambao mwanzo wa msimu unaufanya vizuri, ni huo wa vijana. Isaac del Toro wa Mexico alipata ushindi wake wa kwanza wa kulipwa Januari 2024 kwenye hatua ya pili ya Tour Down Under, kwa kuchomoka kilomita ya mwisho huku wakali wa spidi wakiangaliana. Mwaka 2025 alikuwa wa pili kwenye Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia. Mabingwa wakubwa hujificha Februari. Kijana hana sababu ya kujificha.

Suala la kutowajua watu linatibika. Jezi za timu hubadilika kila Januari, kwa hiyo hata sisi wazoefu hupapasa wiki za kwanza. Anza na jezi zinazojitofautisha: ile nyeupe yenye milia ya upinde wa mvua ya bingwa wa dunia, na zile zenye rangi za bendera za mabingwa wa mataifa. Halafu chagua watu watatu tu, mmoja wa milima, mmoja wa spidi na kijana mmoja, uwafuate hao kutoka mbio hadi mbio. Majina mengine yatakuja yenyewe kwa sababu ya kuwa karibu nao.

Wanawake wana mwanzo wao uleule, Australia mwezi Januari kisha UAE mwezi Februari, na hatua zao zikiwa fupi zaidi unaweza kutazama sehemu kubwa ya siku bila kuchoka. Sarah Gigante alitwaa mbio za Australia za 2024 kwa kushambulia hukohuko Willunga, na Elisa Longo Borghini alishinda UAE mwaka 2023 na tena 2025.

Jambo moja zito. Mbio hizi huumiza watu. Siku ya mwisho ya Paris-Nice 2021, Primož Roglič alikuwa na jezi ya njano na hatua tatu mkononi, akaanguka mara mbili, na Maximilian Schachmann akashinda. Aprili 2024, kwenye Itzulia kule nchi ya Basque, kona moja iliwaangusha Vingegaard, Remco Evenepoel na Roglič kwa pamoja. Vingegaard alivunjika mfupa wa bega na mbavu, na pafu likaumia. Miezi mitatu baadaye alikuwa wa pili kwenye Tour. Kifo cha Andrei Kivilev baada ya kuanguka Paris-Nice 2003 ndicho kilichofanya kofia ngumu ziwe lazima mwaka huo. Ukimwona mtu anashuka taratibu kwenye mteremko wenye mvua mwezi Machi, muache. Amepiga hesabu yake.

Sasa nianzie wapi, uliuliza. Ukiweza mbio moja tu, chukua Paris-Nice, Machi, siku 8, na uianze Jumapili ya kwanza kwenye upepo badala ya kuidaka Jumamosi ya milima. Ukipata nafasi ya mbio tatu, ongeza Tour Down Under mwanzoni na Volta a Catalunya mwishoni mwa Machi, ambayo hatua yake ya mwisho mara nyingi huzunguka kilima cha Montjuïc mjini Barcelona na haina dakika ya kulala.

Tirreno-Adriatico ndiyo inayogongana na Paris-Nice wiki ileile, ikitoka bahari moja ya Italia kwenda nyingine kwa siku 7. Wengi huko huwa wanajiandaa na Milano-Sanremo, mbio za siku moja za wikendi inayofuata, kwa hiyo hatua zake za vilima huwa na vita vikali kuliko jedwali la jumla linavyoonyesha. Tazama Paris-Nice moja kwa moja, kisha jioni utafute kilomita 10 za mwisho za Tirreno kabla hujasoma matokeo. Jumamosi mambo huwa magumu, kwani milima mikubwa ya pande zote mbili huangukia siku hiyo mara nyingi. Mimi hufungua jedwali la Ijumaa usiku, na kwenda kule ambako wa kwanza na wa pili wametenganishwa na sekunde chache zaidi.